Siku moja na piano inayovuta pumzi, Lubumbashi

Saa 12 na nusu asubuhi. Baridi ya mwezi wa saba. Natoka Katuba na betri ya gari imefungwa nyuma ya kinga yangu, yaani baiskeli. Kwenye taksi-basi wangenidai nafasi mbili, kisha abiria waanze kuogopa asidi. Chai nitakunywa huko huko kwenye kazi.

Saa 2. Mtaa wa Makutano, nyumba ya zamani yenye baraza pana. Mama mwenye nyumba ananiletea chai na mikate kabla sijafungua mfuko wa vyombo. Piano iko sebuleni, ya wima, nzito kama dhambi. Baba mkwe wake aliinunua enzi mji ukiitwa Élisabethville. Ukisukuma milango miwili midogo juu ya vibonye unaona siri yake, piano inayojicheza yenyewe: mahali pa kutia roli la karatasi iliyotobolewa matundu ya wimbo, na nyuma ya karatasi upau wa shaba wenye matundu 88, moja kwa kila kibonye. Karatasi ina upana wa inchi 11 na robo, na matundu yamepangwa tisa kwa kila inchi. Viwanda vya Marekani vilikubaliana kipimo hicho mjini Buffalo mwaka 1908, na hadi leo roli la kiwanda kimoja huingia kwenye piano ya kingine. Natamani watengenezaji wa chaja za simu wangekutana Buffalo pia.

Wengi hudhani piano hii hupuliza. Hapana, inavuta. Unakanyaga pedali, mivukuto mikubwa chini inafyonza hewa iliyo ndani. Tundu la karatasi likifika juu ya tundu la shaba, hewa ya chumbani inapenya kwenye mrija, inainua kipande cha ngozi laini, vali inafunguka, na mvukuto mdogo wa kibonye hicho unajikunja kwa nguvu. Ule mkunjo ndio unaorusha nyundo.

Kazi yangu ni kuipa kompyuta nafasi ya karatasi, basi. Kila mrija naukata, natia kiungo cha njia tatu, na kwenye njia ya tatu naweka vali ndogo ya sumaku ya umeme. Kompyuta ikisema “do”, vali inafunguka, hewa inaingia, na piano haijui kama ni karatasi au ni programu.

Saa 3. Kijana wa nyumba ameamka. Amekuwa akitazama video. “Yaya fundi, kwa nini tusiweke ile reli ya sumaku chini ya vibonye, kama Ulaya?”

Namwonyesha kwa kidole. Ile reli inataka ukate ubao unaobeba vibonye, kutoka upande huu hadi ule, na ubao ukishakatwa haurudi. Tena sumaku zinazosukuma vibonye zinakula umeme mwingi, nasi tunajua umeme wa mji huu. Vali zangu zinafungua tundu tu. Koili moja, waya uliozungushwa ndani ya vali, ina omu 150 hivi; kwa volti 12 ni miliampea 80. Noti kumi kwa pamoja hazifiki ampea moja. Betri ya gari inatosha kwa sherehe nzima.

“Na hewa itatoka wapi umeme ukikatika?”

“Miguu yako ina kazi gani?”

Saa 3 na nusu hadi saa 6. Kukata mirija, kuunga, kuandika namba. Mpira wa zamani umekauka kama biskuti, unavunjika mkononi, kwa hiyo naweka mpya wote. Kisha kulehemu: chipu 11 za ULN2803, swichi ndogo za kuwasha vali kwa amri ya kompyuta, kila moja na njia nane, jumla 88. Waya wa koili ni shaba, mwembamba kama unywele. Shaba inaondoka Katanga kwa malori, inarudi ndani ya kifurushi kidogo kutoka China, na bei yake naijua mimi.

Saa 6. Kupima uvujaji, mrija baada ya mrija, kwa mdomo. Ukifyonza na ulimi ukanasa, mrija ni mzima. Mama anapita na sahani: “Baba fundi, unaipima ao unainyonya?” Bukari, sombe na kapenta.

Saa 8. Umeme umekatika, kama nilivyotegemea. Nafunika matundu ya shaba kwa utepe, maana yakibaki wazi noti zote zitalia pamoja. Betri, laptopu. Kijana anakanyaga. Natuma ngazi nzima, kutoka noti ya 21 hadi ya 108, ndivyo midi, lugha ya kompyuta ya muziki, inavyozihesabu noti za piano. Zinaitika, isipokuwa fa dièse moja ya chini (fa iliyopandishwa nusu sauti) inayokoroma. Kisha anataka kusikia alichokiandika mwenyewe: mtindo wa gita la Katanga, vidole viwili vinavyokimbia. Sijawahi kusikia kiwanda kilichotoboa karatasi ya muziki huu. Nusu ya noti zinamezwa. Mvukuto unahitaji muda wa kufunguka kabla ya kujikunja tena, na kompyuta haina subira. Naongeza pengo fupi kati ya noti zinazorudiwa. Sasa gita linasikika, zito kidogo kwenye besi.

Saa 10 na nusu. Umeme umerudi. Tunajaribu mota ya kufyonza badala ya miguu. Inafanya kazi, ila sauti imekuwa bapa, kila noti na nguvu ileile. Anayekanyaga huongeza na kupunguza bila kufikiri. Mota itataka kidhibiti cha mwendo, na hiyo ni gharama nyingine. Mama amesikiliza zote mbili. “Ile ya miguu.”

Saa 12 jioni. Nabandua utepe, natia roli la zamani la familia. Linacheza kama jana. Kesho nitafungua vali ya fa dièse, nadhani ngozi imepasuka kwa ukavu, nitaibandika kwa gundi ya wanyama, ile ya kupashwa moto. Gundi nyeupe ya dukani siitaki hapa: fundi atakayekuja baadaye hataweza kuibandua. Betri nimeiacha chini ya piano. Kijana ameshaniuliza kama inaweza pia kuchaji simu.