Jinsi Nilivyotatua Tatizo la Tiara Iliyopinda Kulia Kila Iliporuka

Tiara yangu ya kwanza ya kamba mbili niliichagua yenye upana wa takriban mita 2, kwa sababu zilizo ndogo zaidi hugeuka haraka mno kwa mtu anayejifunza. Hata hivyo, kila iliponyanyuka ilipinda kulia na kujipigiza chini, ingawa mikono yangu ilikuwa sambamba na upepo ulivuma kwa utulivu, kilomita 15 hivi kwa saa.

Wengi hukimbilia kurekebisha hatamu, yaani nyuzi fupi za kwenye tiara ambako kamba hufungwa. Kwa maoni yangu, hilo lisubiri hadi kamba zikaguliwe. Kamba mpya hurefuka zinapovutwa, na si lazima zote mbili zirefuke kwa kiasi kimoja, hivyo iliyo fupi huivuta tiara upande wake muda wote. Nilifunga ncha zote mbili kwenye kigingi kimoja, nikazinyoosha mita zote 25, nikazivuta kwa nguvu kwa pamoja, kisha nikalinganisha vitanzi vya upande wa vishikio. Kitanzi cha kushoto kilizidi cha kulia kwa upana wa vidole viwili, basi nikafungua fundo lake na kulifunga upya palipolingana.

Tiara ikapanda wima. Kilichobaki ni kuizoeza mikono isivute kupita kiasi: mkono wa kulia ukivutwa kidogo, tiara hugeukia kulia, na mikono ikilingana tena, huendelea moja kwa moja kule pua yake inakoelekea. Kamba zikijisokota baada ya mizunguko michache, bado huteleza na kuongozeka vilevile.