Simba ni jike, na sasa ni bibi

Mbwa wetu huyu jina alipewa na mdogo wangu mwaka 2011, usiku, umeme umekatika, na hakuna aliyehangaika kumgeuza aangalie. Alikuja ndani ya boksi la sabuni baada ya wezi kubeba kuku wetu 6 hapa Sakina, Arusha. Kulipokucha tukagundua Simba ni jike, lakini jina lilishamkaa.

Juni mwaka juzi, asubuhi moja, hakuja getini. Baridi ya Arusha mwezi huo mnaijua. Nilimkuta bandani, miguu ya mbele imesimama, ya nyuma imegoma. Akanitazama kama mtu aliyefumaniwa, akalala tena.

Nilichofanya siku ile nakisema ili mwingine asirudie. Nilichukua diklofenaki za mama, zile dawa za maumivu ya magoti, nikavunja nusu, nikaficha kwenye tonge la ugali. Jioni alitembea, nami nikajiona daktari. Siku ya nne akasusa chakula, na choo chake kilikuwa cheusi, kinanata kama lami.

Daktari wetu wa mifugo ni mtu wa ng'ombe na kuku zaidi, lakini alikuja na pikipiki yake saa hiyo hiyo. Akamnyanyua mdomo, akanionyesha fizi: zimepauka. Nilipomwambia nilichompa, alinyamaza kidogo.

"Kaka, hiyo ni dawa ya watu. Mbwa inamchubua tumbo mpaka damu, halafu inahamia kwenye figo."

Alimtibu tumbo kwanza. Wiki kadhaa baadaye ndipo akamwanzishia dawa ya maumivu ya mbwa, ya maji, inayopimwa kwa uzito na kutolewa akiwa ameshakula. Kumpima kulikuwa kituko: nilipanda kwenye mzani wa bafuni nikiwa nimembeba, kilo 97, nikapanda peke yangu, 71. Kilo 26 kwa miguu ile! Kumbe miaka yote tulimpenda kwa ugali. Tukapunguza, tukaongeza dagaa waliooshwa chumvi ikatoka na mboga kidogo za kuchemsha. Ilichukua miezi kufika 22, na naamini kupungua huko kumemsaidia kuliko hata dawa.

Banda tulimhamisha, sasa analala koridoni. Vigae vinateleza, na mbwa aliyeteleza mara moja anaogopa kujaribu tena, kwa hiyo tumetandika vipande vya kapeti kutoka godoro lake hadi mlango wa nyuma, kama njia ya bibi harusi. Godoro ni la mtoto, limevikwa nailoni, juu gunia. Usiku akijikojolea, nafua gunia tu.

Kumnyanyua asubuhi ndiko kulikonitesa mgongo, mpaka mama akaleta kanga yake kuukuu. Unaipitisha chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, unashika ncha mbili juu ya mgongo wake, unanyanyua kiuno kidogo tu. Usimbebe. Ya mbele anatembea mwenyewe, ya nyuma inafuata, na baada ya hatua kumi hivi viungo vinapata joto, unaweza kulegeza. Ziwe kanga mbili, maana moja itakuwa kambani kila siku. Hiyo ya kwanza imeandikwa "Sina siri nina jibu", na ndivyo anavyopita uani, maandishi yakining'inia ubavuni.

Jirani mmoja alituchungulia akacheka sana. "Yaani mbwa naye anauguzwa?" Sikumjibu. Kanga ilikuwa na jibu.

Macho nayo yameondoka. Daktari aliangusha kipande cha pamba mbele yake, kitu kisicho na sauti wala harufu ya nyama, naye hata hakugeuza kichwa. Lakini nyumba anaijua kwa pua na kwa masharubu, mradi usimhamishie vitu. Mdogo wangu alizoea kuegesha pikipiki popote. Baada ya Simba kuligonga bomba la moshi, sasa anaegesha kwenye alama ya chaki sakafuni. Mimi nikimkaribia natikisa funguo kwanza, kwa sababu siku moja nilimgusa usingizini akanishika mkono kwa meno. Hakuuma. Aliniachia mara alipopata harufu yangu, kisha akanilamba pale pale mpaka nikachoka.

Tumeshazungumza na daktari kuhusu mwisho. Alisema siku atakayokataa kula na kushindwa kusimama hata kwa kanga, nimpigie, atakuja na sindano, na mbwa atalala tu. Mama aliposikia alikunja uso. "Baba, hayo maneno msiyaseme mbele yake." Tukahamia nje.

Jana saa 12 asubuhi muuza maziwa aligonga geti. Simba alibweka palepale kwenye godoro, sauti ile ile nzito ya zamani, amekazania ukuta wa jikoni, geti liko nyuma yake. Nilipotoka nikamkuta muuza maziwa amesimama nje na dumu lake, hasogei.

"Kaka, mshike kwanza mbwa."

Nikarudi ndani, nikamshika.