Mjomba na Kapeti la Plastiki

Mama alimaliza nyumba yake ya Tanga mwezi wa Januari, kaskazi imepamba moto na madirisha bado hayana vioo. Upepo uliingia sebuleni kwa huku ukatokea kwa kule. Fundi alipomaliza kupitisha mwiko akafunika sakafu yote kwa nailoni, na kesho yake asubuhi akatandaza magunia ya katani, akanikabidhi ndoo. Nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne.

"Siku saba yasikauke," akaniambia. "Hata adhuhuri moja."

Nikamuuliza mbona tunailowesha sakafu tunayotaka ikauke. Akanieleza kwamba saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kunywa maji. Yakiikimbia mapema, isiyopata kunywa hubaki unga, na kila ukifagia unaondoka na sakafu. Alisema kweli. Barazani hatukumwagilia, tukiiona ni nje tu, na baraza ile imetoa vumbi miaka yote.

Harusi ya dada ilikuwa imekaribia. Wiki ya pili mjomba akaja na kapeti la plastiki na debe la gundi, akagonga sakafu kwa kisigino. "Jiwe hili! Mnangoja nini?"

"Ngumu ndiyo, mzee, lakini kavu bado," fundi akajibu.

Hakubishana. Akakata kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, akaaga. Asubuhi nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Mjomba akachuchumaa, akapitisha kidole. Fundi akampigia hesabu: sakafu ina unene wa sentimita 5, hukauka kama milimita 1 ya unene huo kwa siku, yaani siku kama 50, na hesabu inaanza magunia yakishaondolewa. Ukibandika plastiki juu yake leo, maji hayana pa kutokea; gundi itaachia na kapeti litavimba.

Mama ndiye aliyekata shauri, nami hadi leo namshukuru. Wageni walikalia mikeka ya ukindu, tukaikunja siku ileile harusi ilipokwisha ili sakafu ipate hewa. Shangazi wawili walinung'unika kwamba nyumba haijaisha. Biriani ilipoletwa wakanyamaza.

Nailoni tuliibandika tena mwishoni mwa Machi, masika yakinukia. Mjomba alikuja mwenyewe kuibandua. Ilikuwa kavu pande zote. Akaniagiza nikalete gundi.