Jinsi nilivyopanga vikundi vya majadiliano vya jumuiya ya programu huria

Nilipokabidhiwa usimamizi wa majadiliano ya jumuiya inayotengeneza programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, nilikuta karibu kila sehemu ya programu ina kikundi chake, na vingi vilikuwa kimya. Mgeni aliyeshindwa kusakinisha programu hakujua abishe hodi wapi, hivyo alirudia swali lile lile kila mahali au akaondoka bila kuuliza.

Niliamua kuyagawa mazungumzo kwa kufuata wasomaji wake badala ya sehemu za programu. Mfano niliutoa Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta ulioanza mwaka 1993, ambao hutenganisha watumiaji na watengenezaji, na matangazo nayo yana mahali pake. Mtumiaji hajui kama tatizo lake limetokana na hifadhidata au na mtandao, na kumtaka achague kikundi kwa msingi huo ni kumdai jibu kabla hajauliza swali. Tulibaki na vikundi vitatu vya wazi, pamoja na kimoja cha faragha cha kupokea taarifa za kasoro za usalama, kwa kuwa kasoro ya namna hiyo ikijulikana kabla ya kurekebishwa huwapa wavamizi nafasi.

Kufunga vikundi vya zamani kulizua ubishi mkubwa, hasa kutoka kwa waliovianzisha, ambao baadhi yao hawakuwa wameandika humo kwa muda mrefu. Hatukufuta chochote: tuliviacha visomwe tu, tukabandika juu ya kila kimoja maelekezo ya mahali pa kuhamia, na majibu ya zamani yakaendelea kupatikana kwa wanaotafuta.

Ilibaki hoja ya vikundi vipya. Katika Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, kwa miaka mingi pendekezo la kundi jipya katika matawi yake makuu lilipigiwa kura, na kura za ndiyo zilitakiwa kuzidi za hapana kwa angalau 100 na kufikia theluthi mbili ya kura zote. Jumuiya yetu isingefikisha kura hizo hata wote wangejitokeza, lakini busara ya kuanza na ushahidi wa haja niliipenda. Kwetu, mada huanzia ndani ya kikundi kilichopo ikiwa na alama katika kichwa cha ujumbe, na hupewa kikundi chake pale tu inapozifunika mada nyingine na wakapatikana watu wawili wa kukisimamia. Sharti hilo la wasimamizi ndilo lililozima maombi mengi.

Gumzo la papo kwa papo sikuligusa, maana ndiko watu wanakozoeana, ila tulikubaliana kwamba uamuzi uliofikiwa humo hauhesabiwi mpaka uandikwe katika kikundi cha watengenezaji, ambako waliokuwa wamelala wakati wa mazungumzo wanaweza kuusoma na kuupinga.