Nne katika 29: TVA ilivyokaribia kunifungia duka

Majuzi mtoto wa dada yangu, aliyefungua duka la rangi kule Katuba, alikuja kwangu uso umemshuka. "Mama mukubwa, wananiambia nikiingia kwenye TVA, hii kodi ya ongezeko la thamani, nitafunga. Bora nigawe duka mara mbili, nusu niandike jina la mke wangu, mauzo yangu ya mwaka yasifike franka milioni 80." Niliweka kalamu chini. Shauri hilo nililisikia neno kwa neno mwaka 2012, na aliyenipa wakati ule amekwisha kufunga duka lake. Duka langu la mabati na misumari bado liko wazi, hapa hapa Kenya, komine moja ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Ndiyo maana naandika.

Kwanza mjue ilitoka wapi. Zamani tulikuwa na ICA, kodi ya mauzo iliyojificha ndani ya bei. Ikishalipwa mpakani au kiwandani, hairudi. Anayefuata anaongeza faida yake juu ya bei ambayo kodi imo tayari, na wa tatu vile vile, mpaka bati linafika kwa mwenye kujenga likiwa limebeba kodi juu ya kodi. TVA ililetwa kukata mnyororo huo. Wafaransa ndio walioianza mwaka 1954, kwa kazi ya Maurice Lauré, mtu wa idara yao ya kodi. Majirani zetu wa Zambia walikuwa nayo tangu 1995. Kwetu sheria ilitoka tarehe 20 Agosti 2010, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2012, Matata Ponyo akiwa waziri wa fedha. Asilimia 16. Anayeuza kuanzia franka milioni 80 kwa mwaka lazima aingie. Wakati ule dola ilikuwa franka 900 na kitu, basi hesabu mwenyewe.

Mwezi ule wa kwanza sitausahau. Bei zilipanda mji mzima, na kila muuzaji alijibu neno moja: TVA. Yaya wangu mmoja, yaani ndugu yangu mkubwa, mfanyabiashara wa siku nyingi, aliniambia: "Chukua bei ya Desemba, ongeza 16 juu, umemaliza." Nikamsikiliza. Bei ya Desemba ilikuwa na ICA ndani yake, kwa hiyo nilikuwa nawatwika wateja kodi mbili. Fundi mmoja aliyenunua kwangu miaka sita alishika bati, akasoma bei, akalirudisha polepole juu ya mengine, akaondoka bila kusema neno. Ningependa angenitukana.

Nikashusha bei. Bati nililonunua kwa franka 11 600, kodi ndani, nikaliuza 14 500, kodi ndani pia. Wateja wakarudi. Nikadhani nimepona.

Tarehe 15 Februari ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka hesabu ya Januari. Usiku wa tarehe 14 nilikaa na daftari na taa ya mafuta, umeme umekatika. Nikajumlisha mauzo yote, nikapiga mara 16 kwa mia. Kwa kila bati ikatoka franka 2 320. Halafu nikatoa kodi niliyokwisha kulipa nikinunua, 1 600 kwa kila bati, maana hapo ndipo utamu wa TVA ulipo: ile uliyolipa unaikata kwenye ile uliyopokea. Nilikuwa na bunda zuri la karatasi za yule niliyenunua kwake jumla, nimezifunga kwa mpira.

Asubuhi mkaguzi alizifungua moja moja. Ya kwanza akaiweka pembeni. Ya pili pembeni. Aliponiona nashangaa, alinigeuzia moja, akaweka kidole juu kabisa, palipo wazi. "Numéro Impôt iko wapi, mama?" Haikuwapo. Zilikuwa bon za mkono: jina la duka, kiasi, sahihi. Hakuna namba ya mlipa kodi, hakuna mstari unaoonyesha TVA peke yake. Mtu yule alinidai asilimia 16 mdomoni, kwenye karatasi hakuandika kitu. Zote zikakataliwa, na kwa haki.

Hebu oneni nilichobaki nacho. Bati nimelipa 11 600, nimepokea 14 500, nimepeleka serikalini 2 320. Inabaki franka 580, na humo mna pango la duka, mlinzi na kijana wa kubeba. Nilikuwa nafanya kazi bure, na nilikuwa nalia kweli, nyuma ya duka, kati ya mabati.

Aliyeniokoa ni mhasibu mstaafu tunayesali naye. Hakunipa hotuba. Alichukua kipande cha boksi akaandika: 29 = 25 + 4. "Mama," akasema, "ukipokea 29, 25 ni yako, 4 si yako hata dakika moja." Ndipo nikaona kosa. Asilimia 16 inahesabiwa juu ya bei isiyo na kodi, na mimi nilikuwa naihesabu juu ya bei yenye kodi ndani. Njia ya mkato ni kugawa kwa 7,25. Chukua 14 500, gawa kwa 7,25, unapata 2 000 kamili. Si 2 320. Nilikuwa nimetoa franka 320 za bure kwa kila bati.

Na nikiwa na fakture ya kweli, yaani karatasi ya mauzo yenye namba ya mlipa kodi na mstari wa TVA, hesabu inageuka kabisa: nimepokea 2 000, nimelipa 1 600, napeleka 400 tu. Hiyo 400 ni asilimia 16 ya 2 500, faida yangu mwenyewe: 12 500 toa 10 000, bei zote mbili bila kodi. Hiyo ndiyo maana ya jina lake, kodi juu ya thamani uliyoongeza. Nilipoielewa niliacha kuiogopa.

Kile kipande cha boksi nilikibandika ukutani. Halafu nikatafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, nikatoboa mfuniko. Kila jioni nagawa mauzo kwa 7,25 na kutia kiasi hicho ndani, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anadai. Mwanzoni lilikuwa linajaa upesi, kwa sababu noti kubwa ilikuwa ya 500. Hizo za 1 000 mpaka 20 000 zilitoka Julai mwaka ule. Watoto walijua: kopo lile haliguswi, hata kwa dawa. Siku ya 15 ikifika natoa, nalipa, kinachozidi kwa sababu ya fakture zangu ndicho nanunulia bidhaa.

Yule wa bon za mkono nilimwacha. Alikuwa rahisi kwa dola moja hivi kwa bati, lakini urahisi huo ulikuwa unanila 1 600. Mali inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni hivyo hivyo: karatasi ya forodha itoke kwa jina lako na namba yako. Ikitoka kwa jina la deklara, wakala wa forodha aliyekupitishia mali, TVA uliyolipa mpakani imekwenda. Na mwezi usiouza kitu, peleka hesabu hiyo hiyo, hata kama ni sifuri.

Mtoto wa dada yangu alisikiliza yote, akauliza kama kugawa duka si rahisi zaidi. Nilimwonyesha kitabu changu cha fakture. Mwezi Septemba 2012 aliingia kijana wa kampuni ya ujenzi inayofanya kazi migodini, hakuangalia hata mabati. Aliuliza: "Mama, unatoa fakture ya TVA?" Kampuni yake nayo inataka kukata. Maduka matatu ya barabara yetu yalikuwa yamemjibu hapana. Nilimwandikia pale pale mabati 300, kopo la maziwa likiwa mbele yetu mezani.