Siku nzima nikiwinda herufi ya kughushi

Saa 1 na nusu asubuhi. Göteborg mwezi wa Novemba ni giza tupu. Mama akinipigia kutoka Tanga huuliza, "Huko jua lipo kweli, mwanangu?" Lipo mama, ila linachelewa kazini kuliko mimi.

Saa 2. Natoa seli kwenye inkubeta. Ni za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, zimeng'ang'ania vioo vyao vizuri. Leo nataka kujua ni ngapi ziko katikati ya kunakili DNA, nami natumia mtego wa zamani: bromodeoksiyuridini, sisi twaiita BrdU. Ni thimidini, yaani herufi T ya DNA, ya kughushi. Penye kaboni ya 5, thimidini ina methili, kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni. Hii imewekewa bromini, ambayo ukubwa wake hauachani sana na methili. Basi kimeng'enya kinachonakili DNA kinaidaka na kuipachika penye T bila kushtuka. Seli isiyonakili haina haja nayo.

Glavu mbilimbili. Kitu kinachomhadaa HeLa hakitanibagua mimi. Taa kali nazima pia, kwa sababu DNA yenye bromini hukatika kirahisi ikipigwa na mwanga.

Saa 3 kamili naweka BrdU, mikromola 10, nusu saa tu. Naosha, nakaza seli kwa formaldehaidi, kisha kahawa na andazi la mdalasini. Kazi yetu ina historia mjini hapa. Mwaka 1998 Peter Eriksson wa hapa Göteborg, pamoja na Fred Gage wa Marekani, walitangaza kwamba ubongo wa mtu mzima huzaa nyuroni (seli za neva) mpya. Walichunguza ubongo wa wagonjwa 5 wa saratani waliokuwa wamedungwa BrdU kwa ajili ya kufuatilia uvimbe wao. Walipofariki, BrdU ilikutwa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kila nikifungua kichupa nawakumbuka hao 5.

Saa 6 mchana ndipo roho hunidunda. Kingamwili, protini inayoinasa BrdU ili tuione ikiwaka, haiioni ikiwa imefunikwa ndani ya nyuzi mbili za DNA. Lazima nyuzi ziachanishwe kwa asidi hidrokloriki ya mola 2, dakika 30, halafu bafa ya borati ya kuituliza. Wiki iliyopita nilichukua chupa ya 0.2 nikadhani ni 2. Mwandiko wenyewe ni wangu! Vioo vyote vikatoka vyeusi, siku nzima imeliwa na nukta.

Mwenzangu ananicheka: si uhamie EdU, thimidini nyingine ya kughushi? Hiyo ilitangazwa 2008, haihitaji asidi wala kingamwili. Shaba inaiunganisha na rangi papo hapo, kwa kemia ileile iliyotunukiwa Nobel mwaka 2022. Ana haki. Lakini nalinganisha na sampuli za miaka iliyopita, na zote ni za BrdU. Kubadili mizani katikati ya soko sitaki.

Mchana wote unaishia kwenye kingamwili: ile ya kwanza inayonasa BrdU, saa moja; ya pili yenye rangi ya kijani, saa moja; kuosha, kuosha, kuosha.

Saa 11 jioni, nje giza limesharudi, na chumba cha hadubini nacho giza. Nahesabu seli 200. 68 zinawaka kijani. Inaingia akilini, maana HeLa hutumia takriban theluthi ya mzunguko wake kunakili DNA.

Kioo cha nne kina kona nyeusi. Nadhani asidi haikufika pale. Nakitia alama, kwa mwandiko mkubwa safari hii.