Jumamosi ya Simba na Kanini

Kabla ya kutoka nilipima kola ya mbwa wangu Simba: vidole viwili vipite kati ya ngozi na ukanda, visizidi. Mbwa akirudi nyuma ghafla kola iliyolegea huchomoka kichwani, na hiyo haikuwa siku ya kuchomokewa.

Kanini, mbwa koko jike wa kama miaka miwili, nilimchukua kwenye kituo cha kuokoa wanyama kule Karen, Nairobi. Kwa wiki mbili alikaa stoo ya nyuma, chanjo na dawa ya minyoo zikitangulia, kupe wakitolewa mmoja mmoja. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaweza kujificha mwilini hadi siku 14 kabla ya kutapika na kuharisha kuanza. Kila jioni niliwabadilishia magunia yao ya kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake.

Hatukuwakutanisha langoni. Lango ni mali ya Simba. Hata muuza mayai hubwekewa pale. Tulikwenda kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao, baridi ya Julai ikiwa bado inauma, shemeji akiwa na Simba, mimi na Kanini. Tulitembea tukielekea upande mmoja, hatua 20 kati yetu, kisha kumi, kisha tano. Kuwaelekeza uso kwa uso ni kuwachokoza. Kila Kanini alipomwacha Simba akaniangalia mimi, alipata kipande cha ini la kuchemsha, ukubwa wa punje ya hindi.

Simba akapiga mwayo, akajilamba pua. "Huyu amelala njaa," shemeji akacheka. Kumbe ni wasiwasi. Tukarudi hatua kumi.

Walipofikia kunusana, shemeji alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara mbili.

"Shemeji, legeza!"

Kamba ikivutwa humwinua mbwa kifua na shingo, naye mwenzake huona anayetaka vita. Akalegeza hadi ikabembea. Wakanusana nyuma, nikahesabu tatu, tukawaita na kuendelea kutembea. Mara ya nne Kanini aliinamisha kifua chini, matako juu, akitaka mchezo.

Nyumbani Kanini aliingia kwanza, akazunguka ua peke yake, Simba akingoja nje na shemeji. Bakuli, mpira, gunia, vyote nilikuwa nimevificha. Mfupa uliofukiwa nyuma ya sukuma wiki sikuukumbuka.

Kanini akaufukua, Simba naye akiwa ameshaingia. Simba akaganda: mdomo umefungwa, mkia juu kama fimbo, weupe wa macho ukionekana. Hapo ndipo ningemwita. Nilichelewa labda sekunde mbili. Shemeji alinyoosha mkono ashike kola, nikamzuia. Mbwa aliye vitani hung'ata kinachomgusa bila kutazama ni cha nani. Beseni la maji ya kufulia liliwamwagikia vichwani, wakaachana.

Sikio la Kanini lilikuwa na tundu dogo la jino. Hayo ndiyo mabaya: ngozi hujifunga juu, usaha ukabaki ndani. Nililiosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kisha tukaenda kwa daktari wa mifugo mchana huohuo.

Jioni walikula ugali na matumbo, kila mmoja upande wake wa mlango, bakuli zikaondolewa baada ya dakika 15.

Jumapili niliifukua mifupa mingine mitatu kwa jembe, Simba amekaa kando akinitazama kama anayenakili sura ya mwizi.